Sauti Iliyopigwa Pasi

Kisosi cha ukutani kwa Kresensia Kikoti kiligeuka chekundu siku ya kumzika mumewe, na kiligeuka pale pale alipocheka.

Alikuwa hajacheka tangu Filbeti alipoanza kuugua. Siku hiyo alikaa mkekani, kanga kichwani, macho makavu, na wanawake wa mtaa wamemzunguka. Jirani yake Eusebia alikuwa amekaa nyuma yake makusudi, mgongo kwa mgongo, ili mjane apate pa kuegemea. Miguu ya Eusebia ilikufa ganzi asisogee. Kresensia hakuweza kusema asante, lakini aliona.

Jeneza lilitolewa chumbani, likafika mlangoni, likakwama. Mzee Osmundi Ngonyani alikuwa amelala chali juu ya kizingiti, mikono kifuani, viatu vikitazama dari.

"Hapiti mtu," alisema. Sauti yake ilikuwa ile ya besi iliyotetemesha mabenchi ya kanisa kila Jumapili. "Huyu Mhehe ana mbwa wangu tumboni. Mtoeni mbwa kwanza, ndipo mkamfukie."

"Ondoka hapo, mla panya!" wabebaji wakamjibu.

"Niondoke wapi? Mimi ndiye niliyemuua! Nimemvizia tangu ujana. Nilimpa ulanzi uliochacha, akanywa, akaomba mwingine. Nilimfundisha kuimba, hakufa, tukabaki kufa sisi tuliomsikia. Mwisho nikachoka, nikamwachia mkewe amalizie."

Hapo ndipo kicheko kilipomtoka Kresensia. Kilitoka pamoja na machozi aliyokuwa ameyakosa, akalia na kucheka kwa pumzi moja, na mkeka mzima ukalia na kucheka naye. Mababu wa Osmundi na mababu wa Filbeti walichomana mikuki, Wangoni kwa Wahehe, mpaka wakachoka. Walipochoka wakawa watani. Tangu hapo, kwenye msiba wa Mhehe, Mngoni huja kuzuia maiti na kumtukana marehemu, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Kazi yake ni moja tu: kumrudishia mfiwa pumzi.

Osmundi aliinua kichwa, akamtazama Kresensia kidogo kuhakikisha kuwa imerudi. Ndipo akaanza kujivuta pembeni ili jeneza lipite.

Lakini ukutani kisosi kilikuwa kinawaka.

Kila nyumba ya Lugono ilikuwa nacho, cheupe, kidogo, kama sahani ya kuwekea kikombe, kimegandishwa na watu wa Wizara ya Utulivu. Hakikuwa na waya. Kilikula joto la nyumba. Waliokibuni walikijaribia pwani, wasijue kwamba huku milimani mtu akizima moto hata maji ya mtungini yanaganda. Visosi vilizima mji mzima. Badala ya kukiri ujinga wao, Wizara ilitoa amri kila kaya iwashe moto mchana kutwa ili mashine ya serikali isipate baridi. Bibi mmoja wa mtaa wa chini alikifumia chake kofia ya sufu, akapewa cheti cha uzalendo.

Kisosi hakikusikiliza maneno. Wizara ilisema maneno hudanganya ila sauti haidanganyi. Kilisikiliza jinsi sauti inavyopanda na kushuka: sauti iliyokaa kama uwanda ni utulivu, taa ya kijani, sauti yenye milima ni hasira, taa nyekundu. Kicheko kilikishinda kabisa, maana kicheko ni milima na mabonde yaliyovurugwa, kwa hiyo kicheko kilihesabiwa kuwa kelele na kutupwa. Lakini kulia na kucheka kwa wakati mmoja, hilo hakuna fundi aliyekifundisha. Pengine mafundi wa Wizara hawajawahi kufiwa, au walifiwa na watu wasiopendwa.

Gari la Utulivu lilifika kabla jeneza halijatoka uani. Askari walimkuta Osmundi bado yuko chini, anatafuta pa kushika ainuke, wakadhani ndiye aliyeumizwa. Wakamfunika blanketi.

"Aliyekupiga ni nani, mzee?"

"Nipigwe na nani? Mhehe aliyebaki na nguvu yumo humo kwenye sanduku."

Mkubwa wao alisikiliza yaliyorekodiwa. Taa nyekundu ikishawaka ndipo sheria inawaruhusu kusikiliza maneno, ili wapate kosa la kuandika. Alipofika kwenye "mimi ndiye niliyemuua" uso wake uling'aa kama mtu aliyeletewa chai. Akauliza mwathirika yuko wapi. Akaonyeshwa jeneza. Akaandika kwamba mwathirika hakutoa ushirikiano.

Ndivyo Filbeti Kikoti alivyozikwa mtani wake akiwa nyuma ya gari, na pale kaburini hapakuwa na mtu wa kurukia shimoni na kudai ni lake.

*

Kituo cha Kupoza, alikofungiwa Osmundi, kilikuwa zamani ghala la viazi, na harufu ya viazi haikuwahi kutoka. Kresensia alikwenda asubuhi na chapati ndani ya kitambaa. Mlangoni alisimama askari wa kike, Chausiku, aliyemtazama mjane, akatazama foleni, akaingia ndani, akatoka na kiti chake mwenyewe.

"Kaa, mama. Mimi nimezoea kusimama." Kisha, bila kugeuza kichwa: "Mzee wako anakula. Uji wake naweka tangawizi. Analalamika kwamba hauna panya."

Kresensia alimshika mkono kidogo, akauachia.

Mkuu wa Utulivu wa Wilaya aliitwa Bwana Shempemba, mtu mnene kidogo, mpole, aliyepanga kalamu zake mezani kwa urefu.

"Pole sana na msiba, mama."

"Asante, baba. Nimekuja kumchukua mtani wangu."

"Muuaji wa mumeo?"

"Mume wangu ameuawa na figo."

"Mtuhumiwa amekiri."

"Amekiri mbele ya mtaa mzima akiwa amelala mlangoni, na waliobeba maiti wakimcheka. Wauaji unaowajua wewe hufanya hivyo?"

Bwana Shempemba alifikiri kwa dhati, kama aliyeulizwa swali la kitaalamu. "Kwenye kumbukumbu zetu, hapana."

"Basi."

"Mama, sisi tunajua ni utani. Babu yangu mwenyewe alikuwa na watani. Shida si sisi kujua. Shida ni mashine kujua."

"Si una masikio? Umesikiliza, umeelewa. Mwachie."

"Masikio!" Alishtuka kama ametukanwa. "Afisa haruhusiwi kukamata wala kuachia mtu kwa masikio yake. Ni sheria ya Waziri mwenyewe. Masikio ya binadamu yana upendeleo. Kisosi kikiwa kijani, mtu ni mtulivu. Kikiwa chekundu, lazima apatikane mtu wa kunyooshwa. Taa nyekundu isiyo na mtu maana yake mfumo umekosea, na mfumo haukosei."

"Na hili la sasa ni nini?"

"Hili ni changamoto."

Kunyooshwa kulikuwa na jina lake mtaani: kupigwa pasi. Kipete chembamba kiliingizwa kooni, kikajishikiza kwenye nyuzi za sauti, na kila sauti ilipotaka kupanda kilivuta chini, ilipotaka kuzama kilisukuma juu. Mtu aliongea tena, alikula, alimeza. Ila sauti yake ilitoka imenyooka kama shuka la hospitali, na kipete hakikutoka tena maisha yake yote. Mama aliyepigwa pasi mtaa wa sokoni alipombembeleza mjukuu wake, mtoto alizidi kulia.

"Ni tiba isiyo na madhara," alisema Bwana Shempemba, na hapo aliinua kidole kwa fahari. "Hajawahi kutokea mtu aliyenyooshwa akawasha tena taa nyekundu. Hata mmoja, nchi nzima. Mafanikio kamili."

"Osmundi anaimba besi," Kresensia alisema.

"Ndiyo maana nataka kukusaidia." Alivuta kiti karibu. Kwa kweli alitaka kumsaidia, na hilo ndilo lililomtisha Kresensia zaidi. "Makao makuu wamenipa ruhusa. Wewe na mzee mtakaa kwenye chumba cha kioo. Mtataniana kama kawaida yenu. Kila baada ya maneno utatueleza: hapa nimecheka kwa furaha, hapa nimecheka kwa uchungu, hapa nimecheka lakini nilikuwa namaanisha kweli. Mashine itajifunza. Ikishajifunza, tutairudishia sauti ya msiba wako, itasema kijani, na mzee atatoka na koo lake. Na hakuna mtani mwingine atakayekamatwa kwa makosa. Utakuwa umewasaidia wengi."

Kresensia aliona moyo wake unaanza kukubali. Lilikuwa jambo dogo. Kutukanana na Osmundi, kazi aliyoifanya tangu alipoolewa.

"Tena tutaokoa mali nyingi," aliendelea Bwana Shempemba, akikoleza. "Hujui kicheko kiasi gani kinatupwa nchi hii! Pale kwenu kwenye mashine ya kusaga, wanawake wanacheka kutwa. Wanacheka nini? Hatujui. Mashine inaandika kelele, inatupa. Makao makuu wanasema huko ndani ya kicheko kuna utajiri. Wanakusubiri wewe tu."



Kresensia aliiona akilini mashine ya kusaga, unga ukipaa juani, na Eusebia ameegemea debe lake. Mwanawe Eusebia alipochukuliwa na gari la Utulivu, hakulia. Alikuja mashineni akasema serikali imempenda mwanawe kuliko mke wake alivyompenda, maana imemchukua bila mahari. Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisosi cha pale kikatupa kelele yote. Jioni Eusebia alikuta mlangoni kwake ndoo ya unga, na maharage, na mtu alikuwa amemchanjia kuni. Pale ndipo ilipojulikana nani kachukuliwa, nani hana chakula, zahanati gani haina dawa, na barabara ya Waziri imeishia kwenye shamba la nani. Mji mzima ulikuwa umejificha kwenye upumbavu wa mashine moja, na yeye sasa anaombwa kuitia akili.

"Kama nikikataa?"

"Atanyooshwa kesho asubuhi." Bwana Shempemba alisogeza kalamu moja ilingane na nyingine. "Ni juu yako, mama. Mimi sikulazimishi. Sisi si watu wa kulazimisha."

*

Chumba cha kioo kilikuwa na meza, viti, na visosi pande zote, hata darini. Osmundi aliingizwa amevaa kanzu ya kituo, ya kijivu, fupi, miguu yake mirefu imebaki nje. Amekonda. Chausiku alimshika kiwiko mpaka alipokaa, akamwekea nyuma ya mgongo koti lake mwenyewe lililokunjwa, kisha akatoka na kufunga mlango.

Nje ya kioo Bwana Shempemba aliinua dole gumba. "Anzeni," alisema kwa kipaza sauti. "Kama kawaida yenu. Msitujali."

Kresensia alifungua kinywa. Neno lilikuwa limeshafika ulimini, la kwamba kanzu ile imemfanya afanane na kuku aliyenyonyolewa. Akaona visosi vyote vimemgeukia, akafunga kinywa.

Akamtazama Osmundi. Angependa kumuuliza. Kila kitu kinategemea koo lako, mzee wangu, wewe unasemaje? Lakini hata swali hilo lingekuwa na milima na mabonde yake, nao wangeyachota. Zaidi ya hayo, mtani haulizwi swali lililonyooka. Katika miaka yote waliyojuana, hawajawahi kuulizana hata hali bila tusi ndani yake.

Kwa hiyo alifungua kitambaa na kuweka chapati mezani.

Osmundi aliitazama. Akaichukua kwa ncha za vidole. Akainusa upande huu, akainusa upande ule. Polepole uso wake ukaanza kukunjamana, puani, machoni, mpaka masikioni, kama mtu aliyenusa mbwa ndani ya unga wa ngano. Akaiinua hewani, akaitafuta mkia. Alipoukosa, akaangalia chini ya meza, asije akawa amekimbilia huko.

Kresensia aliuma ncha ya kanga. Kicheko kilimpanda kifuani kama maji yanayochemka, akakishikilia kwa meno na kwa kucha, machozi yakimtiririka. Hakutoa sauti. Hakuna kisosi kilichopata hata punje.

"Mbona hawasemi?" sauti ya Bwana Shempemba iliuliza nje.

Ndipo Osmundi akaacha mchezo. Aliweka kidole kwenye koo lake, pale besi ilipokaa, akakipitisha kutoka sikio hadi sikio. Akainua mabega na kuyashusha, kama mtu anayesema kitu chenyewe kimeshazeeka. Kisha akamega chapati na kuila, yote, kwa adabu, akipangusa makombo mezani kwa kiganja.

Kisha aliificha mikono yake upesi chini ya meza. Hilo nalo Kresensia aliliona, na angetamani asingeliona.

Alikaa pale akiwa na uwezo wa kumwokoa. Neno moja lingetosha. Kila mtu Lugono angemwelewa, Eusebia angekuwa wa kwanza kumwambia hukuwa na la kufanya, shoga yangu. Na siku ya kwanza baada ya hapo mashine ingeanza kumsikia Eusebia.

Alisimama. Akamfunga Osmundi kifungo cha juu cha ile kanzu mbaya, kooni, kama anayemfunga mtoto asipate baridi. Mkono wake ulikaa pale muda kidogo. Kisha akageukia kioo.

"Baba," alisema kwa sauti iliyonyooka kuliko zote alizowahi kutoa, "mimi ni mjane. Sina la kutania."

Alipotoka hakuangalia nyuma. Chausiku alimsindikiza mpaka barabarani, akaacha mlango wa kituo wazi, jambo ambalo lingeweza kumfukuzisha kazi.

*

Siku ya kuanua matanga Bwana Shempemba alikuja mwenyewe, na kisosi kipya kikubwa cha mikusanyiko. Alikipachika kwenye nguzo ya uani karibu na moto ili kisipate baridi. Wizara, alieleza, haikutaka changamoto irudie. Akapewa kiti, maana alikuwa mgeni, na Eusebia akampelekea chai, akiisindikiza na macho ambayo yangefaa kuipoza.

Kazi ya kufagia uwanja siku hiyo ni ya mtani. Watu walimwona Osmundi akiingia na ufagio, shingoni amezungusha kitambaa. Hakuna aliyemsikia tangu alipotolewa. Jumapili kwaya iliimba bila besi, na wimbo ulikuwa kama nyumba isiyo na sakafu.

Alifagia mpaka katikati ya uwanja, akaegemea ufagio, akasema:

"Huyu Mhehe amezikwa bila mimi. Ndiyo maana kaburi limepinda."

Maneno yalikuwa yake. Sauti haikuwa ya mtu yeyote. Ilitoka tambarare, neno baada ya neno, kama mashine ya benki inayokuambia subiri. Mwanamke mmoja alijifunika uso. Kresensia alitafuta pa kushika, na mgongo wa Eusebia ukaja tena nyuma yake, bila kuitwa.

Bwana Shempemba alitabasamu, akakionyesha kisosi kwa kalamu. Kijani kibichi, kama jani la mgomba.

Osmundi akamgeukia.

"Bwana Shempemba ni mjinga," alisema kwa sauti ile ile. "Kalamu zake zina akili kuliko yeye. Waziri wake ni mjinga zaidi. Alileta mashine ya pwani kwenye baridi, sasa tunakata miti ili asione aibu. Wamemchukua mwana wa Eusebia na hawajui wamemweka wapi. Hata kuiba watu hawajui. Mwizi wa kuku anajua aliko kuku wake. Serikali hii iondoke. Nasema iondoke. Kesho nitakuja sokoni kusema tena."

Maneno hayo hakuna aliyeyasikia kwa sauti kubwa tangu visosi vije. Macho yote yalikwenda kwenye nguzo.

Kijani.

Bwana Shempemba alikuwa amesimama, chai inamwagikia suruali. Alikitazama kisosi. Akakigonga kwa ukucha. Akamtazama Chausiku, aliyekuja naye kulinda.

"Umesikia alichosema?"

"Nimesikia, afande."

"Basi mkamate!"

"Kwa masikio, afande?" Chausiku aliuliza kwa unyenyekevu mkubwa. "Si yana upendeleo? Kisosi kinasema mzee ni mtulivu. Ndiye mtu mtulivu kuliko wote hapa uwanjani. Wewe mwenyewe, afande, punguza kidogo."

Maana kweli taa ilikuwa imeanza kubadilika rangi, na haikuwa kwa sababu ya Osmundi. Bwana Shempemba alipoona hivyo alifunga kinywa haraka, akaketi, na kukaa ameshika kikombe kitupu kwa mikono miwili, anapumua kwa hesabu. Wizara ilikuwa imewapiga pasi watu wengi nchi nzima. Kila mmoja wao ilikuwa imempa, kwa gharama yake yenyewe, ruhusa ya kusema lolote mahali popote, na katika ofisi zake zote hakuna aliyewahi kuliwazia hilo.

Kicheko kilianzia kwa Eusebia. Kikapita kwa wanawake wa mashine ya kusaga, kikafika kwa wabeba jeneza, kikaujaza uwanja mpaka kuku wakaruka ukuta. Kisosi kikaandika kelele, kikaitupa.

Osmundi peke yake hakucheka. Alijaribu, bega liliinuka, kifua kikajaa, kikatoka kipande kimoja kirefu cha sauti, kilichonyooka, kisicho na mwanzo wala mwisho. Alikisikia mwenyewe. Akainama, akashika ufagio, akaendelea kufagia mahali palipokwisha kuwa safi.

Kresensia alimfuata mpaka katikati ya uwanja, akamnyang'anya ufagio.

"Hebu ona, umeacha takataka zote, Mngoni mvivu wewe!" alimkemea, na sauti yake ikapanda juu mpaka ikapasuka, ikashuka chini mpaka karibu na kulia, ikapanda tena, ya kutosha watu wawili. "Kaa hapa ule! Panya wako nimemkaanga tangu asubuhi!"

Akamvutia kiti, akakaa kati yake na kisosi, bila kuangalia taa imewaka rangi gani.